Mwembamba wa Kuazimwa

Daktari wangu wa hapa Nakuru, kijana wa rika la wajukuu zangu, amenikataza maziwa. Ati nina mwili mwingi, ati presha inapanda, ati chai niinywe ya rangi. Nilimtazama nikacheka mpaka akauliza, "Mama, kwani kuna nini?" Ningemjibu nini? Kwamba hii ni mara ya pili maishani mwangu kukatazwa maziwa, na mara ya kwanza nilikatazwa kwa sababu nilikuwa mwembamba? Angeniandikia vidonge vya kichwa. Nikachukua mkoba wangu nikaenda zangu.

Ilikuwa ile miaka ya hamsini, wakati wa hali ya hatari, nasi tulikaa kambini kwenye shamba la mzungu mmoja, katikati ya Gilgil na Elmenteita. Upepo ukitoka upande wa machimbo ya Kariandusi ulileta vumbi jeupe, likakaa juu ya kila kitu, hadi kwenye kope za ng'ombe. Na ng'ombe walikuwapo, jamani! Kazi ya baba ilikuwa kuzungusha mashine ya maziwa. Krimu ilitokea mdomo huu, maziwa yaliyobaki yakatokea mdomo ule. Krimu ilipanda lori la Nakuru. Maziwa yaliyobaki walimwagiwa nguruwe. Jioni baba alirudi ananukia maziwa, tukamnusa mikono, na hiyo ndiyo ilikuwa sehemu yetu.

Zamani, mama alisimulia, karibu kila nyumba kambini ilikuwa na ng'ombe wake. Halafu ikaja sheria ya afya. Msidhani ni afya yetu, ni ya ng'ombe wa bwana. Ilionekana kwamba ng'ombe wa wafanyakazi wanawaambukiza wale wa bwana magonjwa, basi wakaondolewa wote. Ng'ombe wa bwana walipata nafuu sana.

Mama alichuma pareto, yale maua meupe ya kutengenezea dawa ya wadudu, kule juu kwenye baridi ambako shamba liliishia. Alilipwa kwa uzito, na mizani ilining'inia kwenye boriti ya stoo ya posho. Wanawake wote walijua jambo moja kuhusu mizani hiyo: haijui kutofautisha maua na maji. Ukinyunyiza maji kidogo kikapuni kabla hujafika stoo, kikapu kinakuwa kizito na mizani inakusifu. Ndiyo maana nyapara hakuiamini peke yake. Alizamisha mkono kikapuni, akafinya maua, akatoa mkono akangoja. Maua makavu hufumuka yakarudi yalivyokuwa. Yaliyoloa hubaki na alama ya vidole. Mama alikamatwa siku moja, kikapu chake chote kikamwagwa mavumbini mbele ya watu, na tangu hapo aliwachukia nyapara na mizani kwa pamoja.

Sasa sikia. Serikali ikagundua kwamba watoto wa kambini wamekonda. Iligundua kwa mshangao mkubwa. Ikaleta maziwa ya unga kutoka ng'ambo ya bahari, yakashuka melini, yakapanda gari moshi, yakapita katikati ya ng'ombe wote wale, yakafika stoo ya posho yakiwa kwenye makopo. Aliyepewa kazi ya kuyagawa ni memsahib, mke wa bwana, aliyekuwa ametoka Ulaya juzi juzi. Alikuwa mtu mwema, sitamsingizia. Hakumpiga mtu, hakumtukana mtu, na machozi yake yalikuwa karibu. Shida yake ilikuwa moja tu: kwake yeye watoto wote wa kambini walikuwa mtoto mmoja.

Akaweka utaratibu. Mara moja kwa mwezi alining'iniza kikapu kwenye ile mizani ya pareto, mtoto akatiwa ndani. Mwembamba alipewa kopo la maziwa. Mnene alipewa tabasamu.

Tulikuwa na jirani, nyumba yake na yetu zikipakana ukuta, mwanamke wa kujinyima usiku na mchana ili binti yake mdogo ang'ae. Siku ya kwanza ya mizani alikwenda na huyo binti amempaka mafuta mpaka unajiona usoni mwake.

"Toto hii mzuri," memsahib akamwambia. "Wewe mama mzuri sana. Hapana taka maziwa."

Jirani akatoka mikono mitupu, mama mzuri sana. Aliyemfuata ni mwanamke mmoja aliyejulikana kambi nzima kwa kupenda pombe kuliko kupika, na yeye alitoka na kopo kwapani. Jirani alilitazama kopo, akamtazama mwenye kopo, akatema mate chini.

"Ahaa," akasema. "Kumbe ndivyo."

Mwezi uliofuata watoto waliletwa hawajaonja uji. Baada ya hapo wengine walikuja wameharishwa kwa chumvi ya haluli, macho yamewaingia ndani, na mama zao wakipigana vikumbo wawahi kabla mtoto hajapata nguvu tena. Yaani hakuna aliyetaka mtoto wake augue. Walitaka tu akonde siku hiyo moja, saa hiyo moja, halafu anenepe njiani kurudi nyumbani.

Hapo ndipo mimi nilipopata kazi.

Nilizaliwa mwembamba. Sikuwa mgonjwa hata! Nilipanda miti, nilishinda wavulana mbio, nilikula chochote kilichoachwa bila mwenyewe. Ni ukoo tu. Shangazi zangu wote walikuwa fito zilizovishwa nguo. Umri wangu ulikuwa wa kuanza shule, lakini kwa umbo ungesema bado nabebwa. Asubuhi moja ya mizani, jirani aliniangalia kwa jicho ambalo hakuwahi kuniangalia nalo, akamgeukia mama.

"Dada, niazime huyu mtoto wako kidogo tu. Nitamrudisha."

Mama akacheka, akadhani ni mzaha. Haukuwa mzaha. Nilifungwa leso mgongoni kwa jirani nikaambiwa nilegeze shingo. Memsahib akanipokea, akanitia kikapuni, akasoma mizani, akajishika kifua. "Maskini toto." Kopo likatolewa. Huko nyuma ya stoo nikashushwa, nikavuliwa kitambaa cha kichwa nikafungwa kingine, nikapandishwa mgongo wa mama mwingine, tukaingia tena. "Maskini toto." Kufikia mwisho wa asubuhi hiyo nilikuwa fundi. Nililegeza shingo, nikaacha mdomo wazi, na nzi akitua usoni sikumfukuza. Haki ya Mungu, memsahib alilia kabisa, akatoa kitambaa akapangusa macho, akamwambia huyo mama wangu wa asubuhi ile ajitahidi.

Kila aliyeniazima alimpimia mama kikombe cha maziwa ya unga, naye akayakusanya kwenye makopo matupu. Kambi ikatuheshimu. Wanawake waliokuwa wakimpita mama bila neno wakaanza kumsalimu wakiwa mbali, tena kwa kicheko. Lakini heshima hiyo ilikuwa na masharti yake. Walinichunguza. Nikipita penye mfereji, mmoja alinishika mkono juu ya kiwiko akaupima kwa vidole.

"Huyu unampa nini siku hizi? Naona kama mashavu."

"Mashavu gani?" mama akajibu. "Ni upepo tu umemvimbisha."

"Angalia, mwenzangu. Usituharibie."

Kwa hiyo mimi maziwa nikakatazwa. Maziwa niliyoyatafuta kwa shingo yangu mwenyewe sikuyaonja. Siku moja mama alinikuta nalamba kijiko akaninyang'anya. "Wewe, unataka kunenepa unitie aibu?" Nimeyafikiria sana maneno hayo, na bado simlaumu. Maziwa yakawa ya wageni na ya chai ya baba. Baba alishinda kutwa akiwamwagia nguruwe maziwa halisi, jioni akaketi akanywa chai ya maziwa ya unga kutoka ng'ambo, akasema hakuna kitu kitamu kama hicho.

Na huyu mama aliyenikataza kunenepa, hakuna kitu alichokitamani duniani kuliko mtoto mnene. Shangazi zangu hao hao, fito hao, ndio waliokuja kumcheka ati hajui kulea. Ndugu zake wakija kututembelea walinitazama, wakaomba maji ya kunywa. Kwa hiyo ndugu yangu mdogo alipozaliwa na mashavu, mama aliimba. Alimbeba kwa mbele, si mgongoni, ili watu wamwone vizuri.

Mama alipopata mimba nyingine akamwachisha ziwa, maana kila mtu alijua maziwa ya mwenye mimba yameharibika. Akamwanzisha uji wa mahindi, na ugali uliolowekwa kwenye maji ya mboga. Makopo ya maziwa yalikuwa chini ya kitanda, hatua moja tu kutoka alipokaa huyo mtoto. Hakupewa. Na kwa nini apewe? Kitu kimoja ambacho memsahib alitufundisha tukaelewa vizuri ni kwamba maziwa ni dawa ya wembamba. Mwembamba ndiye anayeandikiwa. Nani anampa dawa mtoto mzima? Nyumbani kwetu, basi, mwembamba asinywe ili asinenepe, na mnene asinywe kwa kuwa hana haja.

Memsahib naye hakuwa mjinga. Akaanza kuona kwamba watoto wake wembamba hawaponi, mwezi unaingia mwezi unatoka. Akakasirika kwa upole wake ule, akaja na utaratibu mpya. Makopo kwa wembamba basi. Kutakuwa na shindano. Mtoto mnene kuliko wote atapewa viatu, na atakaa navyo mpaka atokee wa kumshinda.

Viatu vyenyewe akaviweka kwenye dirisha la stoo ya posho kila mtu avione. Vidogo, vyekundu, vya ngozi, na mkanda wa kufungia kwa kifungo. Kambi nzima hakuna aliyekuwa na viatu isipokuwa nyapara. Wanawake walisimama pale dirishani na debe la maji kichwani wakasahau kwamba ni zito.

Siku hiyo hiyo wembamba ukakosa bei. Nilistaafu hata meno ya utoto hayajaisha kung'oka, na hakuna aliyenipima mkono tena. Sasa kila nyumba ilijaza mtoto. Uji asubuhi, ugali mchana, ugali jioni, maji juu yake. Mtoto mmoja alipokuwa akitiwa kikapuni lilidondoka kutoka kwenye nepi yake jiwe zima la kunolea kisu, mama yake akaliangalia kama ambaye hajawahi kuliona. Mama yangu hakuhitaji jiwe. Alimkalisha ndugu yangu mapajani, akamsukumia matonge mpaka ya mwisho, na yule mtoto akaanza kuumuka. Mashavu, tumbo, miguu mpaka nyayo. Ngozi ikang'aa. Nywele zikawa laini, zikaingia wekundu kidogo, wanawake wakasema anakuwa mzuri kama mtoto wa mzungu. Akawa mtulivu. Hakulia, hakutambaa, hakunivuta nywele kama zamani. Ukimweka mahali unamkuta mahali.

"Ana adabu," mama akasema. "Mtoto aliyeshiba hana makelele."

Siku ya shindano alishinda. Binti ya jirani alifuata. Memsahib alimwinua ndugu yangu juu mbele ya watu wote, akalemewa naye, akacheka. "Ona! Hii namba wani! Nataka toto yote kuwa kama hii!" Viatu vilikataa kuingia, vikasukumwa, vikaingia. Mama alipita naye kambi nzima, hata mahali ambapo hapana njia. Sijawahi kumwona mama yangu mzuri namna ile. Alitembea kama mwenye shamba.

Jioni alimvua viatu. Nilikuwa nimeshika taa. Pale mkanda ulipopita palikuwa na mfereji, umezama ndani ya mguu, na mama akaucheka. "Ona nyama hizi!" Akangoja nyama zirudi. Tukangoja. Hazikurudi. Akaweka dole gumba pembeni akabonyeza, akaliondoa, na shimo likabaki pale, limetulia, lina umbo la dole lake. Akabonyeza mguu wa pili. Vile vile. Kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo.

"Baba yao," akaita, "njoo uone. Ameloa."

"Nani ameloa?" baba akauliza kutoka mlangoni.

"Mtoto. Hajanenepa huyu. Ni maji."

Baba akaja akatazama. Akasema si memsahib mwenyewe amempima, mbele ya watu, na mizani ikasema?

"Mizani!" Mama alipiga kelele mpaka jirani akagonga ukuta. "Mizani hiyo mimi sijaidanganya? Nyapara akifinya pareto anatafuta nini, kama si hiki? Sisi tumempima nani miezi yote hii? Tumempima nani?" Akaketi chini kwenye udongo na mtoto mapajani, akilia, akimbonyeza na kumbonyeza miguu, na kila mahali alipobonyeza palibaki pamebonyea.

Wakati ule ukitaka kutoka shambani ilikuwa sharti uandikiwe pasi, ama ushikwe barabarani. Asubuhi mama alikwenda kwa memsahib na mtoto mikononi, akamwambia ni mgonjwa, anataka kumpeleka hospitali ya Nakuru. Memsahib alicheka mpaka akaegemea nguzo.

"Hii? Namba wani yangu? Mama, wewe nataka kwenda Nakuru onyesha watu viatu." Akamfinya mtoto shavu, akarudi ndani.

Siku hiyo ndugu yangu alikataa uji. Kesho yake alikataa hata maji, akawa anatazama tu ukuta. Mama alizunguka nyumba, akatoka, akaingia, kisha macho yake yakaniangukia mimi. Akafungua kitambaa chake cha kichwa akanifunga.

"Legeza shingo, mama," akaniambia. "Leo ni yetu."

Nimeilegeza shingo hii mara nyingi kwa ajili ya makopo ya watu, lakini siku hiyo nilikuwa kitu kingine. Nilining'inia. Nilitoa mate. Baba alibaki na ndugu yangu nyuma ya stoo, lori la krimu likiwa limeshawashwa, na mama akapanda ngazi za memsahib na mimi mgongoni, mguu wangu mmoja ukiburuta. Memsahib aliniona mara moja tu akafunika mdomo. "Oo, maskini. Hii mgonjwa kabisa." Pasi iliandikwa papo hapo, ya mama na binti mgonjwa. Mtoto wa kiume hakuandikwa. Huyo alikuwa namba wani, ana shida gani?

Tulikwenda Nakuru tumekaa katikati ya mikebe ya krimu. Barabara ilikuwa mbaya, vifuniko vikarukaruka, na harufu ile ya utamu ilitujaa puani njia nzima. Mama alimshikilia ndugu yangu kifuani na mguu wake ameukaza dhidi ya mkebe mmoja usimwangukie.

Daktari alikuwa Mhindi mwenye haraka. Karatasi ilisema msichana, kwa hiyo alinishika mimi, akanivuta kope, akanitazama ulimi, akanigonga mgongo.

"Hii iko mzima. Iko na nguvu kama punda. Nani mgonjwa?"

Mama akafunua leso. Daktari alibonyeza mguu, akatazama nywele, na haraka yake yote ikaisha.

"Nakula nini?"

"Uji na ugali. Anakula sana, daktari, nampa kwa mkono wangu."

"Maziwa?"

Mama akanitazama mimi.

"Nyumbani hapana maziwa?"

"Yapo."

"Sasa kwa nini hapana pa yeye?"

"Si mwembamba," mama akasema, polepole sana.

Daktari akauliza tumetoka wapi. Mama akamwambia, shamba la ng'ombe. Daktari aliweka kalamu mezani. Alikasirika, uso ukamwiva, lakini hakujua amkasirikie nani. Nilimwona akitafuta. Alimtazama mama, akanitazama mimi, akatazama dirishani kule barabarani ambako lori letu lilikuwa limepita, kisha akaita muuguzi alete kikombe.

Tukakaa hapo hospitali kwa karatasi ya daktari. Ndugu yangu alinyweshwa maziwa kwa kijiko, akakojoa unene wake wote. Kila asubuhi alikuwa mdogo kuliko jana yake. Chini ya mashavu yale kulikuwa na kitoto cha mifupa, chembamba kunishinda mimi, na mama, aliyetamani mtoto mnene maisha yake yote, alikaa akimtazama anavyokwisha na kuambiwa kila siku kwamba anapona. Siku moja kikalia. Kikalia kwa hasira, kikamng'ata mama kidole. Mama alicheka huku machozi yanamtiririka, akakiachia kidole king'ate. Na mimi, kwa kuwa karatasi ilisema ndimi mgonjwa, nilipewa maziwa kila walipopewa wagonjwa. Sikuwasahihisha.

Tuliporudi mama alivuta makopo kutoka chini ya kitanda akayafungua yote. Yalipoisha, baba, mtu ambaye hakuwahi kuiba hata njiti ya kiberiti, akaanza kurudi jioni akitembea polepole. Memsahib alikuwa ametupa jalalani mfuko wa mpira, ambao wazungu huutia maji moto kupasha kitanda. Baba aliuokota, akaujaza maziwa ya nguruwe, akaufunga tumboni chini ya koti. Watu wakasema mzee anaanza kuwa na kitambi, mambo yake yamenyooka.

Ikafika siku ya mizani. Memsahib alipoona kilichobaki cha namba wani wake, alipauka.

"Wewe nafanya nini na toto yangu?" Machozi tayari. "Siku ngapi wewe hapana pa yeye chakula? Mama mbaya! Mbaya sana!" Kisha akaniona mimi, mashavu yangu ya hospitali, akapata faraja kidogo. "Lakini hii, ona! Nakuru nasaidia hii sana."

Akamvua ndugu yangu viatu. Vilitoka vyenyewe, vilikuwa vinampwaya. Memsahib akavipeleka kwa aliyekuwa sasa mnene kuliko wote, na huyo alikuwa binti ya jirani. Alikuwa amejaa vizuri. Alikuwa mtulivu. Viatu vilikataa kuingia, jirani akavisukuma, vikaingia.

Njiani kurudi mama hakuinua macho kutoka kwenye miguu ya yule msichana. Mlangoni akasema, "Dada, mvue nimwone miguu."

"Wivu," jirani akamjibu. "Wako umeshindwa kumlea, sasa unataka wangu avue." Akafunga mlango.

Mama hakuondoka. Alisimama pale na ndugu yangu mgongoni, akaweka mdomo karibu na mbao.

"Sawa, usinionyeshe mimi. Lakini mfinye mguu. Mfinye kama nyapara anavyofinya pareto. Halafu ngoja."

Tukasikia kifungo cha kiatu. Tukasikia cha pili. Halafu hatukusikia kitu kwa muda mrefu, mama akinishika mkono kwa nguvu mpaka ukaniuma. Mlango ulipofunguka, jirani alikuwa na kiatu kimoja mkononi na uso ambao siwezi kuueleza.

"Niazime binti yako," akasema.

Mama alinitazama, nami nikajitazama. Mashavu yangu yalikuwa yamesifiwa asubuhi ile ile. Mimi sikuwa na faida tena kwa mtu. Mama hakufikiri sana. Alifungua leso, akamshusha ndugu yangu, kile kimifupa chake alichokipata juzi, akamweka mikononi mwa jirani.

"Huyu ndiye mwembamba sasa," akasema. "Atamwona ni mwingine tu. Wako nitamshika mimi kule kwenye lori."

Nilipelekwa nimfundishe ndugu yangu kulegeza shingo. Nilimshika kichwa nikamwinamisha, akakiinua. Nikamwinamisha tena. Mjinga yule alikuwa ameshapata nguvu za kukataa. Jirani alipanda ngazi za memsahib naye akijitupa na kupiga mateke, anapiga kelele mpaka mbwa wakabweka, na mimi nyuma nikijua tumekwisha. Memsahib akatoka mbio. Alisikia kelele zile akadhani ni maumivu.

"Maskini toto," akasema, akaanza kulia naye, na huku analia akaandika pasi. Akampa jirani, akamshika bega. "Wewe mama mzuri sana."

Jirani alinitupia ndugu yangu, akaikunja pasi kiganjani, akakimbilia lori.